Shuka Nyeupe ya Mzee Nyasani

Shuka ilikuwa nyeupe kwa sababu maalumu. Muuguzi aliyemfundisha Kwamboka kumtunza mumewe alimwambia wazi: mama, huyu mgonjwa asilalie shuka ya maua wala ya rangi, mlaze kwenye nyeupe, ili kitu chochote kikitoka ukione, na ukiona damu usingoje kesho. Kwamboka akanunua shuka mbili nyeupe Kisii mjini, akazifikisha Itumbe zikiwa bado kwenye karatasi zake, na akawa anazifua yeye mwenyewe kila Jumapili na kila Jumatano. Maneno ya muuguzi hakumpa mtu mwingine. Angempa nani? Mambo ya mwili wa baba mkwe hayaelezwi mkazamwana, hata yawe ya kuokoa roho.

Ndiyo maana Jumanne ile Persis, mke wa kijana wao Geoffrey, alipoikuta shuka moja imelowekwa kwenye beseni nyuma ya nyumba ya wakwe zake, chini ya migomba, hakujua anatazama nini. Alikuwa amefuata jembe. Maji ya beseni yalikuwa mekundu, na kwanza alidhani mzee amechinja kuku. Kisha akakumbuka kwamba kuku wote saba alikuwa amewahesabu asubuhi, kama alivyoagizwa.

Maagizo yalikuwa mengi. Kwamboka alipoondoka Jumapili kwenda Kiogoro kumkanda binti yake Phanice aliyejifungua, aliacha maagizo ya kuku, ya ng'ombe, ya majani chai ambayo lazima yafike kituoni kabla ya saa nne, hata ya paka. Kuhusu mumewe, aliyeitwa tata, yaani baba, alisema tu, "Tata yenu anajimudu. Mpe chai na chakula kwa wakati."

Na kweli Mzee Nyasani alikuwa anajimudu. Ilikuwa imepita miezi minane tangu madaktari wa Eldoret waondoe kibofu chake kilichokuwa na saratani, baada ya mionzi kushindwa. Walimkatia kipande cha utumbo, wakakifanya njia mpya ya mkojo, na mdomo wa njia hiyo wakautokeza tumboni, upande wa kulia wa kitovu. Mkojo ukawa unaingia kwenye mfuko uliobandikwa pale. Ndani kulikuwa na mirija miwili myembamba ya kushikilia njia zinazotoka kwenye figo, na mirija hiyo ilibadilishwa kila baada ya miezi mitatu hospitalini Kisii. Mzee alikuwa karani wa mizani katika kituo cha majani chai kwa miaka thelathini, mtu wa utani mkavu, na mfuko ule aliuita mpangaji. "Mpangaji wangu amejaa," angesema, kisha ajiondokee polepole kwenda chooni. Kwamboka alimfumia mpangaji koti la uzi mweupe, la vishada pembeni, sawasawa na vitambaa vilivyofunika makochi ya sebuleni, ili hata akisimama kusoma andiko kanisani Sabato watu waone shati lililojaa kidogo tu na si vinginevyo.

Lakini kuna heshima ambayo Wakisii huiita chinsoni, na hiyo haina utani. Baba mkwe na mkazamwana hawapeani mkono. Mkazamwana haingii chumba cha kulala cha wakwe zake, hata nyumba iwe inaungua atafikiri mara mbili. Hata mwana wa kuzaa haoni uchi wa baba yake wala hazungumzi naye habari za mwili chini ya mshipi. Persis alilelewa Nyamira, kwenye boma la watu wanaoshika mambo hayo, na alipoolewa Itumbe mama yake alimpa wosia mmoja tu wa maana: ukiona usichopaswa kuona, hukukiona.

Alisimama kando ya beseni akafikiri. Aliyaona mapovu machache ya sabuni pembeni, na kipande cha sabuni ya mche kilichoachwa kwenye nyasi. Maana yake mzee mwenyewe alikuwa amechuchumaa hapa, na tumbo lake lile, akajaribu kufua, akashindwa. Mzee wa miaka sabini na moja, aliyezoea kuvuliwa kofia na wakulima mia tatu. Persis alimhurumia. Hilo nalisema mapema, kwa sababu baadaye watu walisema mengi, na hakuna hata mmoja aliyesema kwamba aliifua ile shuka kwa huruma.

Akaifua. Alimwaga maji ya kwanza kwenye shina la mgomba, akayafunika kwa majani makavu. Maji ya pili yalitoka mekundu, ya tatu ya rangi ya chai, ya nne yakawa safi. Akatia dawa ya kung'arisha nguo, akasugua pale palipobaki alama, akasugua tena. Aliianika upande wa ndani wa migomba ambako mpita njia haoni. Saa tisa ilikuwa imekauka, nyeupe kuliko siku iliyonunuliwa. Akaikunja mara nne na kuiweka kwenye mkono wa kochi sebuleni, akaondoka kabla mzee hajatoka chumbani.

Jioni alimpelekea chai. Mzee Nyasani alikuwa ameketi mahali pake karibu na dirisha, shuka mapajani, na alikuwa anaipapasa kama mtu anayepima kitambaa dukani. Uso wake ulikuwa umepauka kidogo. Persis aliweka kikombe kwenye kimeza na kurudi nyuma hatua mbili, inavyopasa.

"Mokamwana," mzee alimwita, yaani mkazamwana.

"Tata."

"Hii shuka nilikuwa nimeiloweka. Nilitaka kuimaliza mwenyewe."

"Nilikuwa nafua nguo za watoto, tata. Niliiunganisha tu na zile."

Mzee alikohoa. Alitazama nje, ambako hakukuwa na cha kutazama. "Na ulipokuwa unaifua," akasema polepole, "kuna kitu uliona?"

Swali lile lilikuwa limemgharimu. Persis alilisikia hivyo, lakini hakulielewa ilivyokuwa. Alidhani mzee anaona haya na anaomba asitiriwe. Haikumjia akilini kwamba mzee anaogopa, na kwamba anatafuta mtu mmoja wa kuogopa pamoja naye. Kwa mila yao asingeweza kuuliza waziwazi zaidi ya hapo.

Akatazama sakafu. "Sijaona kitu, tata."

"Hukuona kitu."

"Ilikuwa na vumbi tu."

 Mzee akashusha pumzi, na mabega yake yakashuka nayo. "Basi sawa," akasema. "Kama wewe mwenye macho mazuri hukuona, labda ni haya yangu ya uzee. Na leo mpangaji ametulia, maji yake ni safi kabisa. Mbuya mono, vizuri sana, mwanangu. Shuka imetakata."

Persis alirudi jikoni kwake akiwa na furaha ndogo ya mtu aliyefaulu mtihani.

Usiku alipompigia simu Geoffrey, ambaye aliuza vifaa vya ujenzi Masimba na kurudi nyumbani mwisho wa juma, lile jambo la damu lilikuwa bado linamwasha.

"Baba yako anaonekana amechoka," alisema.

"Amekunywa chai?"

"Amekunywa."

"Na ugali?"

"Amekula nusu. Geoffrey, kuna shuka yake moja..."

"Shuka imefanya nini?"

Akasita. Hata kumwambia Geoffrey kulikuwa kama kumvua baba yake nguo mbele yake. "Hakuna. Nimeifua."

"Umefanya vizuri," Geoffrey akasema, na akaanza kumweleza habari za bei ya mabati.

Kwamboka alirudi Jumatano mchana, amejaa habari za mjukuu. Mtoto ana nywele za Phanice na masikio ya babu yake, na sauti yake inasikika hadi barabarani. Majirani wawili walikuwa wameshamfuata sebuleni kusikia hizo habari, na Persis alikuwa anamimina uji, Kwamboka alipoiona shuka imekunjwa kwenye mkono wa kochi.

"Nani amefua hii?"

"Ni mimi, mama."

Uso wa Kwamboka ulibadilika. Hakuwa mwanamke mkali, lakini alikuwa na wageni. "Ya kitanda cha tata yako?"

"Niliikuta imelowekwa, mama. Ilikuwa..."

"Hata ingekuwa imetupwa barabarani. Unaiacha, unaningoja. Ama nimeenda Kiogoro mwaka mzima?" Aliwageukia majirani, akacheka ili kupoza. "Wasichana wa siku hizi. Kesho watatufulia na nguo za ndani."

Majirani wakacheka. Persis akacheka pia, maana ndivyo inavyofanywa, na neno lililokuwa mdomoni akalimeza na mate. Alijiambia atamwambia jioni wakiwa wawili. Jioni ng'ombe alikataa kukamuliwa, mtoto wake Brandon akawa na homa, na maneno ya kusema ni kama maziwa, ukiyaacha mezani hayakungojei. Usiku ule Kwamboka alitandika shuka ile ile nyeupe na kulala juu yake pembeni mwa mumewe, akimsimulia habari za masikio ya mtoto.

Alhamisi ilikuwa siku ya kubadilisha mirija. Walikwenda watatu, Mzee Nyasani mbele ya gari la kukodi na suti yake ya kijivu, wanawake wawili nyuma na mkoba wa mifuko ya akiba. Persis alikuja kwa sababu magoti ya Kwamboka hayapendi ngazi za hospitali na lazima kuwe na mtu wa kukimbilia karatasi.

Daktari wa mambo ya mkojo alikuwa binti mdogo aliyeitwa Lavender, wa umri ambao kama angezaliwa Itumbe angemwamkia mzee kwa kuinama. Hapa alimwambia mzee avue shati na alale, na mzee akavua. Hilo lilimshangaza Persis kila safari: mtoto wa watu anaweza kuona kila kitu, kwa sababu tu amevaa koti jeupe. Yeye alibaki nje ya pazia, ameketi kwenye kiti cha plastiki, ameshika lile koti la uzi alilovuliwa mpangaji.

"Mzee, tangu tuonane mara ya mwisho kuna homa?" sauti ya daktari ilitoka ndani.

"Hapana."

"Maumivu ya mgongo?"

"Mgongo wa mkulima hauachi kuuma, daktari."

Daktari alicheka kidogo. "Na damu? Kwenye mfuko, kitandani, popote? Hata mara moja ikaacha?"

 Persis alilitazama pazia. Alijua mzee anafikiri nini. Anafikiri juu ya Jumanne, juu ya macho ya uzee na macho mazuri.

"Hapana," mzee akasema.

"Mama?"

"Mimi namlaza kwenye shuka nyeupe kama mlivyonifundisha," Kwamboka alijibu, na fahari ilikuwemo ndani ya sauti yake. "Hata tone moja ningeliona. Muuguzi alisema damu ikionekana tusingoje hata kesho."

Hapo ndipo Persis aliposikia kwa mara ya kwanza shuka ile ilikuwa ya nini.

Alisimama. Pazia lilikuwa hapo hapo, kitambaa cha kijani, angelifungua kwa kidole. Nyuma yake alikuwa amelala baba mkwe wake, tumbo wazi. Kusema kulikuwa kutamka mbele yake, mbele ya mkewe, kwamba ameishika damu yake kwa mikono yake, na kwamba siku mbili zilizopita alimtazama akamwambia uongo. Nitamwambia mama wakitoka, alijisemea. Ni kubadilisha mirija tu, dakika kumi. Watatoka, nitamvuta pembeni, arudi amwambie daktari. Akaketi tena. Nilijaribu mara nyingi kumtetea Persis katika jambo hili, na karibu kila mahali naweza, isipokuwa kwenye kile kiti cha plastiki.

Mrija wa kwanza ulitoka salama na mwingine ukaingia. Wa pili ulipovutwa, Persis alisikia daktari akisema "ngoja," kwa sauti ya chini, kisha akasema tena "ngoja, ngoja," kisha akamwita muuguzi kwa jina. Kitu cha chuma kikaanguka. Kutoka chini ya pazia akaona matone sakafuni, halafu hayakuwa matone tena.

Kwamboka alitolewa nje akiwa ameshikwa bega. Watu wakakimbia kuingia. Dakika chache baadaye Daktari Lavender alichungulia, glavu zake nyekundu hadi kwenye kifundo cha mkono.

"Nataka kujua kitu kimoja na nataka ukweli," alisema. "Damu ya namna hii huwa haianzi leo. Imewahi kutoka kabla?"

"Haijawahi," Kwamboka alisema. "Nimekwambia, daktari, shuka zangu ni..."

"Jumanne," Persis alisema.

Kwamboka aligeuka.

"Jumanne asubuhi," Persis akaendelea, na akashangaa kwamba sauti yake inatoka sawasawa, kama mtu anayeelekeza njia. "Shuka nzima. Na beseni la maji. Nilibadilisha maji mara nne. Jioni alisema mfuko uko safi."

Daktari hakumgombeza. Angemgombeza ingekuwa nafuu. Alifumba macho nusu sekunde, akageuka na kuwaambia wenzake ndani, "Si figo. Ni mshipa mkubwa. Nipeni mrija wenye puto, tuzibe kwa ndani, na mpigieni Eldoret sasa hivi." Wakabanana, wakaziba, wakamwekea damu chupa ya kwanza na ya pili, na kwa kweli damu ikapungua.

Baadaye, wakati ambulensi inatiwa mafuta, daktari huyo alikuja akaketi nao kwenye benchi, akaeleza. Mrija unapita juu ya mshipa mkubwa unaopeleka damu mguuni. Kwa mtu aliyepasuliwa na kuchomwa mionzi, nyama ya pale ni laini, na mrija unausugua mshipa siku baada ya siku, hadi unatoboka kwa ndani. Ni jambo la nadra sana, alisema, kuna madaktari wanaostaafu hawajaliona. Damu ya kwanza hutoka, ikaganda, ikajiziba. Ile ni ya kubisha hodi. Inampa mtu siku moja, mbili, wakati mwingine wiki.

"Mngekuja Jumanne nisingeuvuta huo mrija hapa," alisema. "Tungempeleka Eldoret akiwa anatembea. Kule wanapitishia kitambaa maalumu ndani ya mshipa, wanafunika tundu, halafu ndipo mrija unatolewa. Bado tutajaribu hivyo hivyo." Alimtazama Persis. "Ulichosema kimetusaidia kujua pa kuziba."

"Ungekuwa umesema," Kwamboka alisema. Hakumtazama mtu. "Mdomo unao."

Walipomtoa mzee kwenye machela, midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu lakini macho yalikuwa yake. Geoffrey alikuwa amefika kutoka Masimba, na vumbi la saruji bado kwenye suruali, na ndiye angepanda naye pamoja na muuguzi. Kwamboka alikuwa anatia saini karatasi dirishani. Machela ikasimama kidogo mlangoni kungoja gari lirudi nyuma, na Persis akajikuta amesimama kando yake, karibu kuliko alivyowahi kuwa kwa miaka tisa ya ndoa yake.

"Mokamwana," mzee alisema.

"Tata."

"Nilikuuliza kama uliona kitu."

"Ndiyo, tata." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Niliona. Nilikudanganya."

"Najua uliona. Ile shuka haikuwa na vumbi." Alipumzika kidogo. "Ulinijibu kama mtoto aliyefunzwa vizuri. Mimi nilitaka unijibu hivyo. Nilitaka sana."

Akautoa mkono chini ya blanketi. Persis aliutazama, mkono wa baba mkwe ambao mkazamwana hapewi, na kwa mara ya kwanza akaushika. Ulikuwa baridi. Kisha milango ikafunguliwa, wakamwingiza.

Walipita Nyamira mjini saa tisa na nusu. Geoffrey alisema baadaye kwamba baba yake aliuliza wako wapi, akaambiwa Nyamira, akasema huko ndiko walikotoa mke mzuri. Kabla ya kufika Chemosit puto likashindwa, na muuguzi akafanya yote ambayo muuguzi mmoja anaweza kufanya ndani ya gari linalokwenda. Eldoret ilikuwa bado mbali.

Mazishi yalikuwa makubwa. Kituo cha majani chai kilifungwa nusu siku. Mzee wa kanisa, Ishmael, alisimama kaburini akasema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, akarudi kuketi kama mtu aliyeivumbua methali hiyo mwenyewe. Watu wakatikisa vichwa, wengine wakamtazama Persis kwa pembe ya jicho, kwa sababu Itumbe habari haihitaji miguu. Walewale waliomcheka kwa kufua shuka sasa walimlaumu kwa kutoisema. Nani kati yao angeisema? Swali hilo hakuna aliyeliuliza pale.

Siku ya nne walitoa vitu vya marehemu nje vipate jua. Kwamboka na Persis walishika godoro, mmoja huku na mwingine kule, wakaliegemeza kwenye ukuta. Upande uliokuwa chini ukatazama jua. Katikati palikuwa na doa la kahawia, kubwa kama sinia, limekauka.

Kwamboka alilisogelea.

"Aliligeuza peke yake," alisema. "Godoro hili tulikuwa tunaligeuza watu wawili." Akaligusa doa kwa kiganja. "Na mimi Jumatano nililala juu yake. Usiku kucha nilikuwa juu yake, namweleza habari za masikio."

Persis alisema, "Mama, nisamehe."

 Kwamboka aliingia ndani, na tangu siku hiyo hakuzungumza na Persis moja kwa moja. Maneno yalipitia kwa watoto: mwambieni mama yenu kuni zimeisha, mwambieni mama yenu leo nitapika mwenyewe. Chai aliyopelekewa ilipoa mezani. Persis aliichukua ikiwa na utando juu, akaosha kikombe, na kesho yake akapeleka nyingine. Hakulalamika kwa Geoffrey. Aliona ni haki yake, ingawa usiku mara nyingi alilala macho wazi akilijibu upya lile swali la mzee. Niliona, tata. Niliona damu, tata, twende hospitali. Yalikuwa maneno machache, na kila usiku yalimtoka bila shida.

Ikapita miezi mitano. Asubuhi moja ya Jumatatu, majani chai yakiwa bado na umande, Persis alikuwa anapita na ndoo ya maziwa alipomsikia mama mkwe wake akiita kutoka ndani. Hakumwita kupitia mtoto.

"Mokamwana. Njoo."

Aliweka ndoo chini akaingia sebuleni. Hakukuwa na mtu. Vitambaa vyeupe vilikuwa vimetandikwa kwenye makochi, na kiti cha karibu na dirisha kilikuwa kitupu.

"Niko huku," sauti ilisema. Ilitoka chumba cha kulala.

Persis alisimama kizingitini, pale ambapo miguu yake ilikuwa imefunzwa kusimama.

"Ingia," Kwamboka alisema. "Nimesema ingia."

Akaingia. Kilikuwa chumba kidogo kuliko alivyokidhania, na kitanda, na sanduku, na kalenda ya kiwanda cha chai ukutani. Kwamboka alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amevaa gauni la kulalia. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na sita, aliyeyaacha mambo ya kila mwezi zaidi ya miaka kumi na tano iliyopita. Mikononi alikuwa na kitambaa kilichokunjwa. Ni siku ya tatu sasa, alisema, na alikuwa amekwisha kukifua mara mbili, kwa mikono yake mwenyewe, nyuma ya nyumba, kabla watu hawajaamka.

"Leo sikukifua," alisema. Alikikunjua, akakiweka juu ya magoti. "Tazama. Halafu useme unachoona. Usinionee haya, na usinitunzie heshima. Sema."

Persis alitazama. Hakutazama sakafu.

"Naona damu, mama," alisema.

Kwamboka alitikisa kichwa kukubali mara mbili, kama mtu aliyeletewa habari aliyokuwa anaijua. Alikikunja kitambaa vilevile kilivyo, bila kukitia maji, akakiweka ndani ya mkoba.

"Basi niletee viatu," akasema, "twende hospitali, tusingoje kesho."